Namna ya kupanga Final Fantasy kuanzia kali hadi dhaifu bila kijiwe kuvunjika

Kwenye kibanda changu cha gemu Mafiati, hapa Mbeya, gemu za mpira ndizo zinazolipa kodi ya chumba. Vijana wanalipia mechi, wanapigana magoli, wanaondoka. Ubishi mrefu kuliko wote, ule unaokaa hadi giza liingie na baridi ya Julai ianze kupenya mlangoni, ni wa Final Fantasy, mfululizo wa gemu za hadithi na mapambano: ipi kali kuliko zote, ipi ya kuachwa, na nani ana haki ya kusema. Mfululizo ulianza Japani Desemba 1987 kwenye mashine ya Famicom, na hadi 2023 zimeshatoka gemu 16 zenye namba. Karibu kila moja inakuja na dunia yake, watu wake na namna yake ya kupigana, ndiyo maana watu hawamalizani. Ya tisa haiendelezi ya nane, kwa hiyo mbishi hana pa kushikia.

Mimi ndiye msimamizi na mtunza daftari. Utaratibu ninaouandika hapa ndio umetutoa kwenye kelele ukatufikisha kwenye orodha ambayo hata aliyeshindwa anaikubali.

Kubalianeni kwanza kinachopangwa

Chukueni matoleo yenye namba pekee. Miendelezo kama X-2 ya 2003, inayoendeleza ya kumi, wekeni kando, maana imebebwa na mama yake. Ile Remake ya 2020 na Rebirth ya 2024, zinazoijenga upya ya saba, nazo kando. Mkiziruhusu, mtu ataitetea ya saba ya 1997 kwa picha za 2020, na hapo hamfiki popote.

Ya kumi na moja ya 2002 na ya kumi na nne ni za kucheza mtandaoni na watu wengine, kwa malipo ya kila mwezi. Ya kumi na nne ina historia ya kuheshimika: ilitoka 2010 ikaanguka vibaya, akakabidhiwa mtayarishaji Naoki Yoshida, ikazimwa, ikajengwa upya na kurudi 2013, na leo ina wapenzi wengi duniani. Ila kijiweni kwetu hakuna aliyeicheza kwa kina, na gemu isiyo na shahidi haipangwi. Nyinyi mkiwa na shahidi, ipangeni. Sisi tulibaki na 14.

Kisha hakikisheni mnaongelea gemu ileile. Wamarekani waliuziwa ya nne mwaka 1991 ikiwa na namba ya pili, na mwaka 1994 ya sita ikauzwa kwao kama ya tatu, kwa sababu baadhi ya za Japani zilirukwa. Kijana mmoja aliyecheza ile ya Marekani kwa emyuleta ya simu, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, aliitetea "ya tatu" jioni nzima. Fundi simu wa jirani, aliyecheza ya tatu halisi ya 1990, akawa anamjibu hoja kwa hoja. Huyu anasifu wahusika, yule anasema wahusika wenyewe hawapo, ni watoto wanne wa kubadilisha kazi tu, leo mpiganaji kesho mchawi. Jina la adui mkuu, Kefka, lilipotajwa ndipo fundi akaweka bisibisi chini: "Mdogo wangu, wewe unacheza ya sita."

Kila mtu ataje ya kwanza yake

Hatua hii ndiyo inayookoa kijiwe, msiiruke hata mkiwa na haraka. Kabla ya hoja yoyote, kila mtu anaandika kwenye karatasi Final Fantasy aliyoanza nayo, aliichezea kwenye mashine gani, na akiwa na umri gani. Yangu ni ya kumi, kwenye PS2 ya kaka yangu mkubwa, Kihesa kule Iringa, nikiwa sekondari. Gemu ya kwanza huingia moyoni na haitoki, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Ubaya unakuja mapenzi hayo yanapovaa koti la utaalamu.

Sheria yetu: huruhusiwi kuwa mtetezi wa ya kwanza yako. Utaipigia kura, lakini wa kuisimamia awe mtu aliyeanza na toleo jingine. Ikikosa mtetezi wa nje, hiyo peke yake ni habari tosha.

Ya kumi ilisimamiwa na mwalimu wa hesabu aliyeanza na ya saba. Hakugusa machozi ya Yuna wala kisa cha Tidus, wahusika wake wakuu. Aliwasha pleistesheni, akaingia kwenye pambano, akaelekeza kidole juu kulia mwa skrini. "Dada, soma hapa." Pale zimepangwa zamu, za kwako na za adui, na unapopita juu ya kila amri kabla hujaithibitisha zamu zinasogea mbele ya macho yako. Pigo la haraka linakurudisha mapema kwenye foleni. Unaweza kumtoa mtu katikati ya vita na kumwingiza mwingine bila kupoteza zamu. Kama adui anaruka, unamwita Wakka na mpira wake. Kama ana gamba gumu, unamwita Auron. "Hapa hakuna kubahatisha," mwalimu akasema, "ni kuona na kuamua." Mimi niliyeipenda gemu hii tangu ujana sikuwahi kuisikia ikitetewa vizuri namna ile, na aliyeitetea hakuwa na deni nayo.

Nani ana kura

Si lazima uwe umemaliza gemu. Hizi ni gemu za makumi ya saa na watu wana kazi. Lakini lazima uwe umevuka mlango wake, maana kila moja ina mahali ambapo inaanza kuwa yenyewe.

Mlango wa ya kwanza uko wazi kuliko wote: unampiga Garland, unamrudisha binti mfalme aliyemteka, mfalme anajenga daraja, na ukianza kulivuka ndipo jina la gemu linatokea. Kwa ya saba ni kutoka nje ya Midgar, jiji inakoanzia. Kwa ya sita ni kuingia nusu ya pili. Ya kumi na mbili huna kura mpaka uwe umepanga amri za watu watatu na kuziona zikifanya kazi bila kugusa padi. Ya kumi na sita, angalau uwe umemaliza pambano la Titan, lile jitu la mawe.

Ya kumi na tatu inahitaji uangalifu. Hadi sura ya 10 unatembea kwenye njia moja nyembamba, mbele tu. Sura ya 11 unafika Gran Pulse, na mbuga inafunguka mbele yako na wanyama wakubwa kuliko nyumba. Wengi wanaoiponda waliishia sura ya 4 au ya 5, nao hawana kura. Aliyefika Gran Pulse akasema kungoja muda wote ule ni kosa la gemu, huyo asikilizwe kwa makini, kwa sababu amelipia neno lake.

Ya kumi na tano imegeuzwa. Inaanza wazi, gari lao barabarani, kambi kila usiku, kisha baada ya mji wa Altissia katika sura ya 9 mnapandishwa treni na dunia inafungwa. Anayeisifu kwa barabara peke yake hajaiona. Apite kwanza sura ya 13.

Na kabla ya kufungua mdomo, uliza kwa sauti: "Nani bado anacheza ipi?" Binti mmoja wa Uyole alikuwa diski ya kwanza ya ya saba, na kijiwe kizima kikakubali kunyamazia mwisho wa diski ile mpaka aufikie mwenyewe. Gemu imetoka 1997, ni kweli, lakini kwake ilikuwa ya wiki ile.

Swali liwe moja

Msipige alama za kumi. Kila mtu ana kumi yake, na mwisho wa siku mtajumlisha vitu visivyojumlishika. Chukueni gemu mbili, muulize swali moja tu: ipi kati ya hizi imetimiza zaidi kile ilichokusudia?

Nasisitiza swali hili kwa sababu ya tabia ya mfululizo wenyewe. Kila toleo lilibomoa kitu cha lililotangulia na kujenga kingine. Ya pili, ya 1988, ilifuta kabisa levo, ile namba ya ukomavu inayopanda kwa kupigana: ukitumia upanga sana, mkono wako wa upanga unakomaa, ukipigwa sana, uhai wako unaongezeka. Kusudi zuri mno. Kilichotokea ni kwamba wachezaji waligundua njia fupi ya kukomaa ni kuwapiga wenzao wenyewe. Kusudi likavunjika mikononi mwa sheria zake, na hapo ndipo hukumu inapotoka. Heshima yake inabaki, kwani ndiyo iliyowaleta Chocobo, ndege mkubwa wa kupandwa, na Cid, mtu wa meli za angani, lakini heshima si nafasi kwenye orodha.

Vita ndio moyo wa hesabu

Gemu ya aina hii inakupiganisha mara mamia. Hadithi ikiwa tamu na vita vikachosha, umechoka. Kwa hiyo tumieni muda mwingi hapa, tena mashine ikiwa imewashwa.

Katika zile tatu za mwanzo unatoa amri kwa watu wako wote, kisha unatazama zikitekelezwa. Ya nne, 1991, ikaleta kazi ya mbunifu Hiroyuki Ito: zamu ya kila mtu inakuja kwa muda wake, adui hakungoji ufikiri. Mtindo huo ulibaki hadi ya tisa ya 2000. Ya kumi ikaurudisha utulivu mwaka 2001. Ya kumi na mbili, 2006, ikakupa kuandika amri mapema: mwenzako akishuka chini ya nusu ya uhai, mponye, adui akiwa anaruka, tumia silaha ya mbali, na ya juu kwenye orodha inatangulia ya chini. Wapo wanaosema gemu inajicheza yenyewe. Mwanafunzi wa kompyuta kijiweni kwetu aliwajibu kwa kubadilisha mstari mmoja tu, akapeleka uponyaji chini kabisa, na watu wote watatu wakalala ndani ya dakika. Tangu siku hiyo hoja ile haijarudi kwa nguvu.

Ya nane ya 1999 inahitaji jioni yake peke yake, na ningewaomba msiihukumu kwa kusikia. Uchawi pale ni kitu cha kuhesabika: unaufyonza kutoka kwa adui, hadi 9 kwa mkupuo, na kila mtu anabeba hadi 100 ya kila aina. Uchawi huo unaufunga kwenye nguvu, uhai au kasi yako, kwa hiyo ukiutumia vitani unajidhoofisha. Na maadui wanapanda levo pamoja nawe. Anayecheza kwa mazoea, anayepigana na kila kitu ili apande levo, anaiona gemu ngumu na ya kuchosha. Anayejua anakaa na watu wa mjini kucheza karata. Akishamfundisha Quezacotl, kiumbe wake wa kuitwa vitani, kugeuza karata kuwa vitu, na vitu kuwa uchawi, anaingia vitani akiwa na nguvu za mbali huku levo yake bado ndogo. Je, ilitimiza kusudi? Mimi nasema nusu. Ilikusudia kuua ile kazi ya kutwanga maadui kutwa nzima, na ikafaulu kwa anayejua siri. Asiyejua anasimama mbele ya adui mmoja akifyonza, akifyonza, mpaka usingizi. Gemu iliyomficha mchezaji ufunguo wake haiwezi kukaa juu.

Hadithi, na namna ya kuisikiliza

Sauti za watu kwenye mfululizo mkuu zilianza na ya kumi. Zote kabla ya hapo ni maandishi, tena Kiingereza, kwa hiyo kijiweni tuna msomaji. Dada mmoja muuza vitenge hapa Mwanjelwa husoma kimoyomoyo kisha anatoa Kiswahili papo hapo, kila mhusika na sauti yake. Nashauri kila kijiwe kitafute mtu wa namna hii, maana hapo ndipo unajua maandishi yana uzito au ni mapambo.

Ya tisa ilijishindia nafasi yake kwa msomaji huyu. Kuna kijiji cha wachawi weusi, viumbe waliotengenezwa, waliozinduka juzi tu na hawajui maisha ni nini. Mmoja wao amezikwa, na rafiki yake anangoja atoke chini ya udongo, maana hakuna aliyewahi kumweleza kifo. Vivi, mdogo mwenye kofia kubwa, anasikiliza haya akijua yeye ni mmoja wao. Dada alipofika hapo alisoma polepole, na vijana waliokuwa wakingoja zamu ya mpira walisimama kimya nyuma ya benchi. Urembo gani wa picha ungefanya hivyo? Gemu ile ilikusudia kurudi kwenye hadithi za kale za mfululizo na kuuliza swali la kifo kwa lugha ya mtoto, na imefanya.

Ya kumi na tatu inaanguka hapahapa. Mambo yake muhimu yamewekwa kwenye kurasa za maelezo pembeni, ukiacha kuzisoma hujui nani ni nani na kalaaniwa na nani. Ya kumi na tano nayo iliacha sehemu ya kisa chake kwenye filamu ya mwaka huohuo wa 2016. Urafiki wa wale wanne, Ignis akipika, Prompto akipiga picha zinazoonekana kila mnapolala, umekamilika hasa. Ufalme wanaoupigania ndio haukukamilika.

Kwenye muziki msikawie sana, ila mjue mnamsifu nani. Nobuo Uematsu alitunga tisa za kwanza peke yake. Ya kumi alisaidiana na Masashi Hamauzu na Junya Nakano. Ya kumi na mbili ni Hitoshi Sakimoto, ya kumi na tatu Hamauzu, ya kumi na tano Yoko Shimomura, ya kumi na sita Masayoshi Soken. Picha msizipime kabisa. Miaka inazipima yenyewe.

Vipande vya boksi

Kateni vipande vya boksi, kila kimoja na namba ya gemu. Weka kimoja mezani. Kila kipya kianze kwa kupambanishwa na kile cha katikati, si cha juu. Kikishinda, kinapanda kwenye nusu ya juu na kupambana na cha katikati ya hiyo. Kikishindwa, kinashuka vilevile. Kwa gemu 14, hakuna itakayohitaji zaidi ya mapambano manne kupata kiti chake. Kila pambano: mtetezi, mpinzani, kisha mikono. Muda wa kila mmoja ni kikombe kimoja cha chai, nacho kikiisha ananyamaza.

Orodha yetu ilitoka hivi: ya sita juu, ikafuata ya kumi, kisha ya saba na ya tisa sare, ya tano, ya kumi na mbili, ya nne, ya kumi na sita, ya nane, ya kwanza, ya kumi na tano, ya kumi na tatu, ya tatu, ya pili.

Ya sita ya 1994 haikubishaniwa sana. Ilikusudia hadithi isiyo na mwenyewe mmoja, yenye watu 14 wa kuchezwa, na katikati linatokea jambo nisilolitaja hapa. Baada yake unaanza na mtu mmoja, na ukishapata ndege unaamua mwenyewe nani wa kumtafuta na nani umwache. Uamuzi unakuwa wako, na kila unayemkuta ana kidonda chake.

Kilichozua kelele ni ya kwanza ya 1987 kuipita ya kumi na tano. Ndivyo swali letu linavyofanya kazi, nami nasimama nalo. Aina sita za mashujaa, unachagua wanne, unakwenda. Ilikusudia kidogo ikakamilisha yote. Ya tatu ilileta kazi za kubadilisha, lakini ya tano ya 1992 ikakuruhusu kubeba ujuzi wa kazi moja ukiwa kwenye nyingine, na ya tatu ikabaki kama rasimu. Tena toleo lake la awali lina safari ndefu ya mwisho isiyo na pa kusevu. Umeme ukikatika pale, unarudi mbali sana, na mtu wa Tukuyu anayecheza msimu wa mvua anajua uchungu huo.

Sare msiilazimishe. Ya saba na ya tisa ziligongana jioni mbili, mikono ikalingana, tukaviweka vipande kimoja juu ya kingine. Inafunguliwa tu akija mtu mpya aliyevuka milango yote miwili.

Mgeni mwenye simu peke yake msimwanzishe na ya pili kwa sababu tu namba yake ni ndogo. Mpeni ya nne katika Pixel Remaster, toleo lililofanyiwa upya: kila mtu pale ana kazi yake tayari, hadithi inamshika mkono, na gemu inajisevu yenyewe, kwa hiyo chaji ikiisha hapotezi safari. Akimaliza, ya tano, ajifunze kuchanganya kazi. Halafu ya sita, na akishaingia nusu ya pili tunampa kikombe chake cha chai na zamu ya kusema.